Bao Nililolitangaza Bila Kuliona

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa na barua mkononi. Wapo walionipigia simu kuuliza ilikuwa inasema nini, na wapo walionipigia kunitukana tu, basi. Wote nawashukuru. Siku hizi simu yangu ikilia naona afadhali kuliko ikinyamaza.

Kwa aliyechelewa kuanza, nasema kwa ufupi. Mimi ni mtangazaji wa mpira redioni. Wasikilizaji walinipa jina la Macho Yenu, kwa sababu kila mechi nilikuwa nafungua kwa kusema, "Leo mimi ndiye macho yenu." Mume wa mdogo wangu ni kipa, na mimi ndiye niliyempa jina la Komeo, enzi zile akifunga lango, halifunguki.

Siku ya fainali redio yetu ilijitapa kwamba iko moja kwa moja kutoka uwanjani. Haikuwa uwanjani. Mimi nilikuwa studio, chumba kisicho na dirisha, natazama kompyuta. Mechi haikuwa kwenye televisheni. Kulikuwa na kamera moja tu ya kukodi, inatutumia picha kwa mtandao. Kelele za mashabiki zilikuwa kwenye kitufe, na fundi mitambo alikuwa anazipandisha na kuzishusha kama mtu anayepika uji. Tulifanya hivyo kwa miaka sita. Hata mama yangu mzazi hakujua. Nikirudi nyumbani alikuwa ananipa pole kwa jua la uwanjani.

Kazi hii ina kanuni yake. Picha ikiganda, unaurudisha mpira katikati ya uwanja, unawapigisha wachezaji pasi za kwenda na kurudi mpaka picha izinduke. Msikilizaji anadhani mchezo umepoa. Lakini dakika ya themanini na tisa, bila kwa bila, picha iliganda mshambuliaji akiwa ndani ya kumi na nane na mguu keshauinua. Hapo huwezi kuurudisha mpira katikati. Niliivuta ile "anapiga" mpaka pumzi ikaniishia. Sekunde kumi na moja. Picha ilipozinduka mpira ulikuwa wavuni, na shemeji yangu amesimama karibu na nguzo ya goli, mkono mmoja juu.

Ilibidi nieleze bao ambalo sikuliona. Wiki hiyohiyo msikilizaji mmoja alikuwa amepiga simu kusema Macho Yenu anambeba shemeji yake, na lile neno lilikuwa limenikaa rohoni. Nikataka waone sibebi mtu.

"Amempisha!" nikasema. "Mpira umepiga hodi, na Komeo amesogea pembeni, akasema karibu ndani!"

Fundi mitambo akapandisha kelele mpaka mwisho. Basi. Neno likatoka, likawa mlio wa simu, likawa utani wa kila penye watu wawili. Kufikia Jumatano ilikuwa inajulikana nchi nzima kwamba Komeo ameuza mechi. Kamati ya nidhamu ikaamka usingizini. Ile barua ilikuwa inaniita Alhamisi ya wiki ya tatu, saa nne asubuhi, nikatoe ushahidi. Shemeji yangu akipatikana na hatia, anafungiwa maisha.

Sasa tuendelee.

Jumatatu ya wiki hiyo, mchana, mdogo wangu aliniita kwake. Nilifika mlangoni nikafungua mdomo, nikaufunga. Ningepigaje hodi kwenye nyumba ile? Watu walikuwa wanapita barabarani wanaipiga kwa sauti kubwa, kisha wanakimbia wakicheka, wengine watu wazima na mifuko yao ya sokoni. Mtu alikuwa ameiandika kwa mkaa kwenye ukuta, na ukuta ulikuwa umesuguliwa hapo mpaka rangi imetoka. Nikagonga mlango kwa kidole, kama mkaguzi wa umeme.

Mdogo wangu alinifungulia. Alinieleza mambo matatu kabla sijakaa, kwa sauti ileile, kama anayesoma orodha ya sokoni. Kwamba binti yao hajaenda shule, maana mwalimu wa zamu alipiga hodi darasani na darasa zima likamgeukia yeye. Kwamba jirani wa miaka mingi sasa anatuma ujumbe kwenye simu badala ya kuja mlangoni. Na kwamba shemeji hali, halali, ameshika simu tu.

"Kaka," akasema, "mimi sikuombi umtetee mume wangu. Nakuomba Alhamisi useme ulichokiona. Basi. Wewe ulikuwepo."

Nikamwambia sawa. Nilitegemea nisikie uchungu hapo, aibu, kitu chochote. Sikusikia kitu. Mnaijua ganzi ya mguu ulioukalia muda mrefu, ukiufinya unaona kama unafinya mguu wa mtu mwingine. Yangu ilianzia kifuani siku ya fainali na mpaka leo naandika haijaisha.

Shemeji akatoka chumbani. Ni mtu mrefu, akipita mlangoni huwa anainamisha kichwa kwa mazoea. Siku hiyo aliinama na akabaki ameinama. Akanipa mkono. Neno la kumwambia mgeni wako linajulikana ni lipi, na hakulisema.

"Kaa, shemeji," akasema.

Nikakaa. Glavu zake zilikuwa juu ya friji, zimekunjwa pamoja. Alikaa mbele yangu, akaweka simu mezani, akaiwasha. Sauti yangu ikatoka. Amempisha. Mpira umepiga hodi. Akaizima, akairudisha nyuma, akaiwasha tena. Mdogo wangu akaenda jikoni.

"Nikuulize kitu," shemeji akasema. "Nilianza na mguu upi?"

"Mguu wa nini?"

"Wa kusogea. Nilianza kusogea na wa kulia au wa kushoto?"

Nilimtazama nikidhani ananitega. Hakuwa ananitega. Alikuwa anauliza kama mtu aliyepoteza funguo anavyomuuliza mwenzake.

Akanieleza taratibu. Wiki ya kwanza alikuwa anakumbuka kitu kingine. Alikumbuka alimwona mshambuliaji akifungua mguu, akajua shuti linakwenda kulia kwake, akaenda kulia. Baada ya hapo kulikuwa na kitu, mpira ukabadilika, hajui vipi. Lakini hicho kitu kilikuwa kinafifia kila akikitafuta. Kila anapofumba macho sasa anajiona kwa nje, kama aliye jukwaani, anasogea pembeni na kunyoosha mkono kukaribisha.

"Sijachukua chochote kwa mtu yeyote," akasema. "Hilo nalijua. Lakini kusogea, nadhani nilisogea. Labda nilichoka. Labda kuna shetani. Wewe ulikuwepo, shemeji. Wewe ndiye uliyeona. Mguu upi?"

Msomaji, hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Chumba kilikuwa na watu wawili, na wa tatu jikoni anasikia. Maneno yenyewe ni mawili tu: sikuwepo uwanjani. Mimi ninayeweza kusema dakika tisini bila kumeza mate.

"Sikumbuki," nikasema.

Mdogo wangu alinisindikiza mpaka nje. Akanishika mkono pale ukutani palipokwanguka.

"Unaona?" akasema. "Anaanza kuamini."

Jumanne nilikwenda kazini nikiwa nimeazimia. Mkuu wa vipindi ana ofisi yenye kapeti na kiti kinachozunguka, na akikusikiliza anazunguka kidogokidogo mpaka mwisho unazungumza na sikio lake. Nikamwambia Alhamisi nitaieleza kamati kwamba nilikuwa studio.

Hakukasirika. Angekasirika ningepata la kumjibu. Aliniambia, kwa upole kabisa, kwamba nikisema fainali sikuwepo wataniuliza nusu fainali, na robo fainali, na miaka sita yote, na matangazo yote yaliyolipiwa yakisema tuko uwanjani. Wafanyakazi kumi na wanne watafunga mlango na kwenda nyumbani. Kisha akaniambia jambo ambalo nimelifikiria sana tangu siku ile.

"Mzee, watu hawakusikiliza mpira. Walikusikiliza wewe. Mpira ule wa uwanjani nani anaukumbuka?"

Halafu akaniambia habari njema aliyokuwa ameniwekea. Kuanzia mwezi ujao kuna kipindi kipya cha michezo, jioni, saa nzima. Jina lake *Hodi*. Mtangazaji wake ni mimi.

Hapa naandika safu ya kukiri makosa, kwa hiyo nakiri. Nilisema sawa. Sikuifikiria hata kidogo. Mdomo ulisema sawa kama unavyosema salama ukiulizwa habari za asubuhi, na mwenye mdomo alikuwa amekaa mahali pengine anautazama.

Fundi mitambo alinikuta kwenye korido nimesimama mbele ya bomba la maji, na bomba halijafunguliwa. Yeye si mtu wa maneno. Miaka sita tumeongea kwa vidole kupitia kioo. Akaniuliza kama nimekwenda kwa mpiga picha.

"Kufanya nini? Picha iliganda."

"Kilichoganda ni mtandao," akasema. "Kamera haijui habari za mtandao. Yenyewe inaendelea kuandika kwenye kadi yake."

Miaka sita nakula kwa kamera ile, na sikuwahi kuwaza kwamba upande wa pili wa ile picha iliyoganda kuna mtu amesimama juani na macho yake, na mchezo unaendelea mbele yake.

Mpiga picha ni wa harusi. Mpira anaupiga picha harusi zikikosekana. Jumatano asubuhi nilimkuta kwenye duka lake, nyuma ya pazia lililochorwa bustani na ngazi za kwenda mahali pasipojulikana, anampanga mtu na mkewe wasimame kama wanaopendana. Nikasubiri mpaka wakapendana. Walipoondoka nikajitambulisha, na alinijua kwa sauti kabla sijamaliza jina.

Nikamuuliza kama ana zile sekunde. Akasema anazo. Nikamuuliza mbona hajazipeleka popote, mtu anakaribia kufungiwa maisha.

"Hakuna aliyeniuliza," akasema. Alikuwa anafuta lenzi kwa shati lake. "Halafu watu walikuwa wameshasikia. Nani angetaka kuona?"

Akaichomeka kadi kwenye kompyuta. Kwanza akatokea bibi harusi anakata keki, kisha uwanja. Hakukuwa na sauti. Kipaza sauti cha kamera, alisema, kiliharibika kwenye harusi ya mwanasiasa mmoja, mjomba wa bwana harusi alikimwagia soda.

Nilizitazama zile sekunde kumi na moja mara saba.

Mshambuliaji anapiga. Komeo ameshaanza kwenda kulia kwake, mwili mzima, na hesabu yake ni sahihi kabisa, mpira unakwenda hukohuko. Kisha beki wake mwenyewe, aliyekuwa anakimbia kurudi, anaugusa kwa kisigino. Kidogo tu. Usipokitazama kisigino hutakiona. Mpira unabadilika, unapita pale Komeo alipokuwa nusu sekunde kabla. Hakuna kipa duniani angeudaka. Komeo anajisimamisha kwa nguzo ya goli. Beki ameshika kichwa kwa mikono miwili. Na Komeo ananyoosha mkono kwake, kiganja wazi, kama unavyomwambia mtoto aliyevunja glasi: usijali, imekwisha.

Huo ndio mkono niliousema kuwa unakaribisha. Alikuwa anamtuliza mwenzake.

Yule beki hajafungua mdomo mpaka leo, nami simlaumu sana. Nani angejitokeza kudai bao la kujifunga, wakati limeshapata mwenyewe?

Nikamwomba mpiga picha kadi. Alisita, akanipa. Akanionya tu nisiguse ile sehemu ya keki, wenyewe bado hawajaichukua. Nikaitia kwenye mfuko wa shati, nikafunga kifungo. Nilitembea mpaka nyumbani nikiigusa kwa kidole. Nilijiambia hii ndiyo furaha, sasa itakuja, nipe dakika moja. Haikuja, lakini nililala usingizi mzima.

Alhamisi.

Kamati ilikaa kwenye ukumbi wa mikutano wa chama cha soka, viti vya plastiki, meza ndefu yenye kitambaa cha kijani. Mwenyekiti ni mama mmoja mtu mzima, mwalimu mkuu mstaafu, na alituita mahudhurio kwa majina kamili kama tuko darasa la nne. Redio yetu ilikuwa pale. Mkuu wa vipindi alikuwa amemtuma mwandishi na kipaza sauti, na mambo yalikuwa yanakwenda hewani. Nje, chini ya madirisha, mashabiki walikuwa wamesimama na simu zao masikioni, wanasikiliza kitu kilichokuwa kinatokea mita tano kutoka walipo.

Mdogo wangu alikaa mstari wa mbele na shemeji. Alikuwa amempigia mumewe pasi shati jeupe.

Shahidi wa kwanza kuitwa alikuwa fundi viatu, mzee anayeheshimika, ambaye kiti chake kiko nyuma ya goli lile kwa miaka ishirini. Hakuongopa, nataka hilo lieleweke. Alisema alichokuwa na hakika nacho.

"Niliona kwa macho yangu haya," akasema. "Mpira ulipiga hodi, na kipa akasogea pembeni, akasema karibu ndani."

Mwenyekiti akamuuliza kama siku hiyo alikuwa na redio. Mzee akashangaa kidogo na swali. Akasema anayo siku zote, bila redio mpira hauonekani vizuri.

Watu wakacheka kwa heshima. Nikagusa mfuko wa shati. Zamu iliyofuata ilikuwa yangu, na nilikuwa nimepanga maneno yangu tangu alfajiri, moja baada ya jingine, kama viatu mlangoni.

Shemeji akasimama.

Hakuwa ameitwa. Mwenyekiti akamwambia akae, zamu yake bado. Akaomba msamaha, akasema hana maneno mengi, anataka kuwapunguzia watu kazi.

"Sijapewa kitu na mtu," akasema. "Lakini nilisogea. Nimelifikiria wiki tatu. Nilisogea. Sina sababu. Nifungieni."

 Nje, baada ya pumzi mbili, redio ilipowafikishia, wakapiga kelele. Mdogo wangu hakulia. Aligeuka akanitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimebaki.

Sikungoja kuitwa. Nikaenda mbele, nikaapa, nikasema yote. Kwamba sikuwepo uwanjani. Kwamba nilikuwa studio, picha ikaganda, na yale maneno niliyatunga. Kwamba hakuna mtu aliyemwona Komeo akisogea kumpisha mtu, nikiwemo mimi. Nilisema kwa sauti ya kawaida na bila kusimama, na ni mara ya kwanza kwa miaka sita nilikuwa natangaza kitu nilichokijua.

Nilipomaliza, mtu akacheka. Si kwa ubaya. Kama unavyocheka ndugu mwema anapopitiliza.

Fundi viatu akanyoosha mkono, akaruhusiwa.

"Mheshimiwa mwenyekiti, huyu kijana ana moyo mzuri. Anamwokoa shemeji yake, na sisi tunaelewa, damu nzito kuliko maji. Lakini uwanjani alikuwepo. Nilimsalimia mimi mwenyewe, pale juu. Alikuwa amevaa kofia."

Sina kofia. Sijawahi kuwa na kofia maishani mwangu. Lakini watu wawili nyuma yake walikuwa wanatikisa kichwa kukubali, wameikumbuka kofia.

Mwenyekiti akavua miwani. Akaniambia kwamba yeye pia alikuwa ananisikiliza siku ile, na alisikia uwanja mzima ukivuma nyuma yangu. Akauliza kama nataka kamati iamini kwamba uwanja mzima ulikuwa kwenye kitufe. Nikasema ndiyo. Ukumbi ukacheka tena. Akanionya kuhusu kiapo.

Nikamtazama mwandishi wetu. Anakijua kile kitufe, na siku fundi mitambo akiumwa hukibonyeza yeye. Alikuwa anatazama kipaza sauti chake, anahakikisha kimekaa sawa.

Ndipo shemeji aliponiita, kwa sauti ya chini lakini kila mtu alisikia.

"Shemeji, inatosha. Usijitie doa kwa ajili yangu. Umeshasema ukweli mara moja, uache hivyohivyo."

Hilo nililisikia. Katika wiki tatu ni kitu cha kwanza nilichokisikia mpaka mwisho, na kiliuma.

Nikafungua kifungo cha mfuko, nikatoa kadi. Nikamwambia mwenyekiti kwamba asiniamini mimi, aamini macho yake. Wajumbe wakanong'onezana. Wakaleta kompyuta, wakaiunganisha na projekta, picha ikatua ukutani. Akatokea bibi harusi anakata keki, na ukumbi ukapumua kidogo, mtu akapiga kigelegele nusu. Kisha uwanja. Kisha mshambuliaji anapokea mpira.

Mwenyekiti akainua mkono. "Simamisheni. Mbona haina sauti?"

Nikaeleza habari za kipaza sauti na soda. Akasikiliza kwa makini kama anavyosikiliza kila kitu, maana ni mtu wa haki, sina la kumlaumu. Akageukia meza. Rekodi ya matangazo yangu ilikuwa pale tangu asubuhi, kielelezo namba moja.

"Basi wekeni na hii," akasema, "ili tuelewe kinachotokea."

Nikasema hapana. Nadhani nilisema. Kijana wa mitambo wa ukumbi alikuwa ameshavipatanisha.

Anapiga, ikasema sauti yangu, ndefu, tamu, ndani ya zile kelele za kitufe. Kwenye ukuta mshambuliaji akapiga.

Amempisha.

Nilikuwa najua pa kutazama. Nilikuwa nimekitazama kisigino cha yule beki mara saba, najua kiko upande gani, najua soksi yake imeshuka. Nikakitafuta. Lakini ile sauti ilikuwa imeshanishika shingo, inanigeuza kwa Komeo, tazama Komeo, na ukumbi mzima ulikuwa unamtazama Komeo, na Komeo akasogea. Akasogea pembeni. Mpira ukapita pale alipokuwa. Akanyoosha mkono, kiganja wazi.

Karibu ndani.

"Aaah," ukumbi ukasema, wote kwa pamoja, kama watu walioonyeshwa nyota waliyokuwa wameitafuta.

Nikaomba irudiwe bila sauti. Nikaomba mara mbili. Mwenyekiti akasema kamati imeona vya kutosha, na ananishukuru kwa kuleta ushahidi huo, umesaidia sana. Mdogo wangu hakuwa ananitazama tena. Alikuwa anautazama ukuta, ambao sasa ulikuwa mweupe mtupu, na mkono wake ulikuwa umetoka kwenye mkono wa mumewe.

"Shahidi," akasema mwenyekiti, "kabla sijakuruhusu. Umetuletea picha mwenyewe, umeitazama pamoja nasi. Kwa kiapo chako, umeona nini?"

Mwandishi wetu akanisogezea kipaza sauti. Nje mashabiki walikuwa wametulia, wanasubiri wasikie.

Shemeji akainama kutoka kwenye kiti chake cha plastiki, akanigusa kiwiko. Uso wake ulikuwa umelegea, umepumzika, kama wa mtu aliyepata funguo zake.

"Wa kulia," akaninong'oneza. "Nilianza na mguu wa kulia. Asante, shemeji."

Mwenyekiti alikuwa bado anasubiri.